Malkia Ambaye Hakuoa

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Kisomo cha watu wazima leo kwenye ghala la mahindi. Mwalimu Selestine ametusomea habari za malkia wa Misri ya kale — Hatshepsuti. Jina gumu! Nimelijaribu njia nzima. Baba yake mfalme, mume wake mfalme. Mume akafa, akaacha mtoto wa kiume, lakini wa mke mwingine, tena mdogo. Basi huyu mama akashika nchi kwa niaba ya mtoto. Halafu — hapa ndipo usingizi uliponitoka — akaona kazi anafanya yeye, kwa nini kiti awekewe mwingine? Akavaa taji. Akafunga ndevu za bandia kidevuni!

Waitara alicheka mpaka akaegemea gunia. Shemeji yangu huyu, mdogo wa marehemu mume wangu. "Mokami, umesikia? Wewe umebakiza ndevu tu."

Nikamjibu, ndevu anazo yeye, ng'ombe ninao mimi. Watu wakapiga makofi. Lakini naijua hasira ya Waitara. Haitoki siku hiyo hiyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Selestine amemaliza habari za malkia. Alitawala miaka ishirini na zaidi. Biashara kuliko vita. Alituma merikebu mpaka nchi ya Punti, zikarudi na dhahabu na miti ya manemane — mizima, mizizi ndani ya vikapu! — ikapandwa kwake. Hiyo nimeipenda kuliko ndevu. Sisi tulipohamishiwa kijiji hiki cha ujamaa kutoka kule juu Itiryo, nani alituachia nafasi ya kubeba mgomba hata mmoja? Lori linasubiri, panda! Ndizi zangu sasa wanakula nyani.

Alisimamisha nguzo ndefu, kila moja jiwe zima. Alipokufa, miaka ikapita, yule mtoto sasa ndiye mfalme — patasi zikatolewa. Wakachimba jina la malkia ukutani likaondoka.

Kisha Christina, mjane mwenzangu, akauliza kama malkia alikuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa naye. Binti mmoja tu.

"Na hakuoa?"

Mwalimu akashangaa. Yeye ametoka Bukoba. "Mwanamke, aoe?"

"Sasa mali yote hiyo ya nini? Ameshindwa kutoa ng'ombe alete msichana amzalie mvulana kwenye nyumba yake?"

Darasa lote: eee! Hapo ndipo alipoharibu! Merikebu anazo, nyumba hana. Mtoto wa mke mwenza atakutunzia jina kwa lipi?

Nilifurahi, sifichi. Mimi nilioa, kwa mila yetu ya mjane asiye na mwana. Ng'ombe kumi na wanane, na hakuna hata mmoja wa marehemu. Nilianza na kuku. Kuku wakawa mbuzi, mbuzi wakawa mitamba. Nikamleta Boke, na Boke amezaa Werema. Sasa nyumba yangu ina mtu.

Jumapili, 10 Agosti

Nilijua tu!

Mwenyekiti Nikodemo amepita kutangaza baraza la Ijumaa. Kila kaya itaje mkubwa wake, ndipo mashamba yagawiwe. Na Waitara keshamwendea. Kasema mimi ni mke wa kaka yake, kwa hiyo niko chini yake. Boke pia. Mtoto pia. Na zizi!

Nikamuuliza Nikodemo, mahari ya Boke ilitoka zizi la nani? Akasema anajua, wote wanajua. "Lakini nikifika wilayani niseme nini, mama? Mwanamke ana mke?" Basi ameamua hivi: Boke mwenyewe atasimama mbele ya watu aseme mtoto ni wa nyumba ipi. Neno lake ndilo la mwisho.

Boke! Yaani jasho langu lote limewekwa mdomoni kwa Boke.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemfundisha Boke cha kusema. Alikuwa anasaga, hakuinua kichwa. Nikamhadithia na habari za malkia, aone mtu anavyofutwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja.

"Aliyemzaa yule mtoto aliitwa nani?"

Nikasema mwalimu hakutaja.

"Hakutaja, au hamkuuliza?"

Akaendelea kusaga. Jeuri! Namlisha, namvika, Waitara hata kanga hangemnunulia.

Kweli kisomo nilimkataza. Sasa nani angesaga?

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemfuata Selestine. Kapekua makaratasi yake mpaka akalipata jina la mama wa yule mtoto: Iseti. Zaidi ya hilo hajui.

Nikarudi mbio nimwambie Boke. Nani anatoka uani kwangu? Waitara, kofia mkononi, mpole kama mchumba. "Shemeji." Nikampita.

Boke anaosha vibuyu. Huyo alitaka nini?

"Amesema kwake nitaingia kisomo."

Nami nimekuja na jina la Iseti. Sikulitoa.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika hapa hapa barazani, nimekaa kwenye jiwe, lisipotee neno. Waitara ameongea kwanza. "Malkia, umezisahau ndevu?" Kicheko kila upande, ila Christina. Nikasema yangu: zizi, mahari, mashahidi. Kisha Boke akaitwa.

Amesimama, Werema mgongoni. Nikodemo anambembeleza, sema binti, usiogope. Boke akasema haogopi. Ila neno la mdomo mtaligeuza kabla hamjafika nyumbani. Ataandika.

Ataandika! Waitara anashika mbavu. "Aandike nini huyu? Kasomea wapi?"

Nami nilikuwa nauliza hilo hilo. Halafu nikakumbuka. Kila jioni nikisoma silabi zangu kwa sauti, jiwe la kusagia hunyamaza. Nilikuwa namgombeza. Nilidhani ni uvivu.

Nikodemo anapapasa mifuko. Hana kalamu. Selestine hakuja. Boke hamngojei — anakuja huku nilikokaa. Sioni chochote usoni mwake. Amenyoosha mkono.

Nimemwambia polepole: Iseti. Yule mama aliitwa Iseti.

"Tangu lini unajua?"

Tangu jana, nimesema.

Mkono bado ameunyoosha. Waitara ameacha kucheka. Baraza zima halina kalamu ila hii yangu — haya, nampa