Usimkataze Zita Kukisia

Mama Zita,

Lori la mashamba ya ngano linanguruma hapo njiani, mguu mmoja nimeshautoa nje. Maharage yapo motoni, ukitoka kisimani ongeza maji. Ndama mweupe usimfungulie, anaharisha.

Asubuhi uliona daftari la Zita ukanifokea mbele yake: "Baba, makisio yako yatamfelisha leo!" Sawa. Lakini hukumuuliza. Mimi nilimuuliza ulipoondoka. Hesabu ilikuwa mazizi 21, kila zizi ng'ombe 29. Aliandika "kama 600" akaishia hapo, kwa sababu bibi yake amemwambia ng'ombe wakitajwa idadi watakufa. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, ng'ombe wa kitabuni hawana mwenyewe. Wahesabu tu." Akapata 609, anacheka na kamasi puani.

Kukisia ni kwanza, kukokotoa kunafuata. Jana aligawanya 812 kwa 4 akapata 23. Nikamuuliza, je, 800 kwa 4? "Mia mbili, babu." Akaishangaa ile 23 yake, akarudia mwenyewe mpaka 203. Wewe ulikuwa unasonga ugali, hukuona.

~~Nitarudi Jumamosi.~~ Sijui nitarudi lini. Huko Basotu wanavuna ngano, na mimi nikikaa sana mahali pamoja miguu inawasha, hata bila kufokewa.

Bibi yao amenuna, yuko shambani. Mume wako yuko malishoni. Zita amekwenda kwenye mtihani bila kunywa uji, kwa sababu alitaka kuwahi.

Babu yao