Sokwe Aliyejitandikia

Mama yangu,

Joto la Kisumu halina huruma, ila upepo wa ziwa unanibembeleza, na samaki aina ya ngege nimekula hadi nikashiba.

Yule sokwe mzee tunayemjengea makao mapya amekuwa akilala kwenye simiti tangu aletwe hapa hifadhini akiwa mdogo. Tulimwekea jukwaa juu mtini, tukalifagia likang'aa kama nyumba inayongoja wageni. Akagoma kupanda. Jana nikamwachia matawi mabichi huko juu. Akapanda polepole, akayakunja moja moja, akayapapasa, akalala.

"Aki ya Mungu, amejitandikia!" mtunzaji wake akaninong'oneza.

Nililia, Mama. Nilikuona wewe, ukipapasa godoro langu kabla sijalala. Nikirudi usiguse shuka. Safari hii nitakutandikia mimi.

Wako,
Akinyi