Mikate Nimepika Mimi, Sifa Anapewa Mama

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na kama uko na watu hapo tafadhali barua hii isome kimoyomoyo kwanza, maana mimi ni mtu wa aibu sana, hata darasani nikijua jibu nasubiri mwingine alikosee, kisha nalisema lililo sahihi chini kwa chini mpaka aliye jirani yangu anyooshe mkono alitaje yeye. Shuleni tunasomeshwa kwa lugha mbili na zote nazimudu, insha zangu walimu wanawasomea wenzangu, lakini kaka yangu anasema mimi ni bubu wa lugha mbili.

Nianze na mikate. Mwaka huu niliacha kula nyama, mayai na maziwa, sababu ninazo na sitaki kubishana hapa, na nyumbani wakaanza kuniita Mbuzi kwa kuwa eti nakula majani. Jina nililizoea. Ila nilichoka kukaa mezani na sahani ya kuonewa huruma, ndipo nikaona mahali maelekezo, yameandikwa kwa ile lugha yetu ya shuleni, ya kupika mikate ya Kichina ya mvuke, ile myeupe ya mviringo yenye kitu ndani, wengine wanaiita bao, nikasema moyoni hii naiweza. Mshauri, sikuiweza. Ya kwanza ilitoka migumu hadi kaka akaugonga mmoja mezani akasema, "Hodi wenyewe!" Ya safari ya pili iliumuka vizuri, nikafurahi, nikafunua sufuria pale pale moto ulipozimwa, ikanywea mbele ya macho yangu kama uso wa mtu aliyesutwa.

Sikuacha. Kila Jumapili nilirudi jikoni mpaka nikajua kwamba unga unakandwa hadi uwe laini kama ndewe ya sikio, maji yawe ya vuguvugu tu yasije yakaua hamira, kifuniko kifungwe kitambaa ili matone yasiidondokee mikate, na moto ukishazimwa usiguse kitu, subiri, hata kama roho inakuuma. Ndani natia uyoga niliokatakata na kuukaanga mpaka ukakauka, kabichi niliyoitia chumvi na kuikamua maji yote, karoti, tangawizi bila ubahili na sosi ya soya kidogo. Marinda ya pale juu ndiyo yalinishinda, yalikuwa kama mdomo wa mfuko uliofungwa na mtu mwenye hasira, siku moja mama akapita, yeye ni fundi cherehani kwenye karakana ya kushona sare, akatazama, akacheka, akasema, "Hilo si rinda, mwanangu, hiyo ni ajali. Lete hapa. Kidole gumba kikae ndani, kisitembee, kiwe kama pini. Hiki kingine ndicho kinachokiletea kitambaa." Tangu hapo nakanda mimi na kujaza mimi, mama anasaidia kufunga, na nikuambie bila kujisifu, au basi acha nijisifu kwa kuwa hunijui: mikate yangu ni mizuri. Ukiibonyeza inarudi yenyewe. Ukiipasua inatoa mvuke wa tangawizi mpaka miwani inaingia ukungu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi kwa mikono yangu.

Sasa tatizo lenyewe. Wenzake mama wa karakana walikuja nyumbani kutujulia hali, nikaweka sahani mezani nikarudi kusimama mlangoni pa jikoni. Mpiga pasi wao, mtu wa maneno mengi, akala mmoja, akafumba macho, akauliza, "Jamani, nani kapika hii?" Chumba kizima kikanyamaza, nikahisi shingo inawaka moto, nikamtazama mama kwa macho ya kumwomba, na mama yangu ananijua, akasema, "Mimi, nani tena?" Alisema kuniokoa, naapa. Mpiga pasi akapiga goti lake kofi. "Fundi! Kumbe cherehani inakupotezea muda! Na nyama hii umeisaga vipi mpaka ikawa laini namna hii?" Mama akajichekesha tu. Ndipo yule mpiga pasi akaniona. "Na wewe binti, njoo ule, mbona mwembamba?" Kaka akadakia, "Huyo mwache, huyo ndiye Mbuzi wetu, hagusi nyama. Mchumie majani hapo nje." Wakacheka wote, Mshauri, wakacheka huku midomo yao imejaa uyoga wangu.

Tokea siku hiyo mama anabeba mikate kazini na anarudi na sifa. Mwanzoni nilizipokea kwa furaha, kama mtu anayesikia redioni anasemwa vizuri bila kutajwa jina. Sasa zinaniuma. Na limekuja kubwa zaidi, maana mama mmoja, mkata vitambaa wa pale karakana, anastaafu, Jumamosi hii wanamuaga, na huyo ndiye aliyemshika mama mkono alipoanza kazi hajui hata kupitisha uzi kwenye mashine. Walipomuuliza anataka nini siku yake, akasema keki hataki, anataka mikate ya Fundi, tena aipike pale pale kwenye jiko lao naye aone, ili akapike mwenyewe akiwa nyumbani. Mama aliitikia, akarudi nyumbani akaniomba nimfundishe. Nimejaribu kumfundisha kukanda, lakini mikono yake ina mwendo wa cherehani, hamira haijaamka vizuri yeye ameshakata madonge, mikate inatoka imekunja uso. Juzi akakaa kwenye kiti cha jikoni, ana unga mpaka kwenye nyusi, akaniambia, "Mwanangu, huu uongo ulikuwa mdogo nilipokubebea. Sasa umekua, na mgongo wangu ni ule ule." Nikamwambia siwezi kusimama mbele ya watu. Akasema basi Jumamosi atatuma taarifa kwamba anaumwa.

Mshauri, niende mimi, au nimwache mama yangu augue ugonjwa asiokuwa nao na mwalimu wake aondoke bila kumwona? Na kuna jambo jingine naona aibu hata kuliandika: sitaki tena asifiwe yeye. Nataka wajue ni mimi. Je, mtu mwenye aibu anaruhusiwa kuwa na majivuno?

Ni mimi,
Mbuzi

*

Marahaba, Mbuzi mwanangu. Barua yako nimeisoma kimoyomoyo kama ulivyoniomba, kisha nikaisoma kwa sauti ofisi nzima ikasikia, kwa sababu ni nzuri, na wewe si bubu wa lugha yoyote.

Jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo, anaruhusiwa. Aliyekula mawe yake mwenyewe Jumapili baada ya Jumapili mpaka yakawa mikate ana haki ya kutembea kifua mbele, hata kama anatembea akitazama chini. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kweli, kinajiuza, lakini hakijitaji jina la aliyekitengeneza. Hiyo kazi ni yako.

Sasa nikugombeze kidogo. Mama hakukuibia sifa. Ulimkabidhi wewe, kwa macho, mbele ya wageni, naye akazipokea kama mzazi anavyopokea mzigo wa mtoto aliyechoka njiani. Na wewe umemfanyia nini? Umeniandikia "mikate yangu", "uyoga wangu", "nakanda mimi na kujaza mimi", nikamtafuta mama humo ndani nikamkuta amebanwa katikati ya sentensi: "anasaidia kufunga". Anasaidia! Si umesema mwenyewe marinda yalikushinda? Mwanangu, wale ni watu wa karakana, kutwa kucha macho yao yako kwenye mishono. Unadhani walipoletewa sahani ile waliona nini kwanza, kabla hata hawajauma? Waliona mkono wa Fundi. Kwa hiyo mama aliposema "mimi" alisema nusu ya kweli, na wewe ukienda kusema "mimi peke yangu" utakuwa umesema nusu iliyobaki na kuificha ile ya kwanza. Uongo mmoja unatosha kwenye nyumba moja.

Haya, nisikilize. Mama haumwi. Kesho akifika kazini amwite mama mkata vitambaa pembeni amweleze yote, maana siku ni yake na si vizuri ashtukizwe. Aliyemfundisha mtu kupitisha uzi hawezi kumkasirikia kwa jambo kama hili. Atacheka, nakuhakikishia.

Jumamosi unakwenda. Huhutubii mtu. Simama kwenye bakuli ukande, kwa sababu mtu akiwa anakanda watu hawamtazami usoni, wanamtazama mikono, na kwa mwenye aibu hakuna mahali pazuri kuliko hapo. Anayestaafu mweke karibu yako, mpe donge lake, akiuliza umjibu. Huko si kusema mbele ya watu, ni kuzungumza na mama mmoja. Madonge yakishajazwa, msogezee Fundi wako, naye afunge huku wote wanaona. Kaka yako mchukue pia, mpe kazi ya kukilinda kifuniko mtu asikifunue. Asiyejua kunyamaza akifundishwa kusubiri ni faida kwa familia nzima.

Na habari ya nyama, waambie kabla hawajala, si baada. Kila mtu ana haki ya kujua kinachoingia tumboni mwake, na uyoga si wa kila tumbo. Usiwasute kwa kicheko cha siku ile. Waache wale tu, sahani itawasuta yenyewe.

Mpiga pasi atauliza tena, watu wa namna hiyo hawaachi swali. "Nani kapika hii?" Chumba kitanyamaza, shingo yako itawaka, kama kawaida yake. Mtazame mama ukipenda, ila safari hii si kwa macho ya kumwomba. Kisha sema, kwa sauti hiyo hiyo ndogo uliyo nayo, inatosha:

"Unga wa Mbuzi, marinda ya mama."

Ukishasema hivyo nyamaza, hilo unaliweza kuliko sisi sote, uwaache wao wapige makofi.