Chapa kwenye Paja la Nado

Mjukuu wangu Naserian,

Marahaba. Hapa Olasiti tupo. Bibi yako bado anagombana na magoti yake, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Umeuliza kama mwalimu wako wa biashara huko Dodoma amesema kweli, kwamba neno la Kiingereza, brendi, lilianzia kwenye kuchoma mifugo kwa chuma cha moto. Waingereza siwajui sana. Huo moto naujua.

Nilipokuwa kijana, mwaka mmoja mvua ziligoma. Baba akampeleka mtamba wetu mwekundu, Nado, kwa rafiki yake mwenye malisho, amtunzie, kama ilivyo desturi yetu. Nyasi zilipoota tukamfuata. Baba akapiga mluzi, na Nado akaacha kundi zima akaja kumlamba mkono. Lakini pajani, juu ya alama ya ukoo wetu, rafiki alikuwa amechoma chapa yake, na ya kwetu haikuonekana tena.

Wazee wakaitwa. Wakainama, wakatazama paja.

"Chapa ndiyo inayosema," wakaamua.

Habari za mluzi hakuna aliyeuliza. Tukarudi na kamba tupu.

Mwalimu wako anasema brendi humwambia mnunuzi kitu kimetoka kwa nani. Mimi niliona inamwambia nani alishika chuma mwisho.

Soma, mama, ufaulu. Baba alibakiwa na ng'ombe wengine, lakini hakuwapigia mluzi tena hadi anakufa.

Ni mimi babu yako.