Kidude Chako Kimetufikisha Kwihara

Kwihara, Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuandika neno lingine kabla ya hilo.

Tumefika, Baba. Tumetembea kutoka Goweko mpaka hapa nyumbani, kwa njia ile ya misafara uliyoifungua upya kwa panga lako, na kilichotuongoza ni kidude chako cha GPS. Hatukupotea. Nimekaa uani kwenye kiti chako, miguu iko ndani ya beseni la maji ya chumvi, Mama anasonga ugali huku anaimba. Anaimba, Baba! Tangu tukuzike sijamsikia.

Unaikumbuka safari yako ya mwisho. Wale walimu wa mjini uliokuwa unawaongoza waliishiwa maji, jua likazama, nasi tukatokea kwenye mabani ya watu ya kukaushia tumbaku, mbali kabisa na tulikotakiwa kulala. Wenzako wa kikundi cha kuongoza wageni wakasema kidude hakiaminiki, kwamba setilaiti hazioni ndani ya msitu wa miombo. Wewe hukubishana. Uliniambia tu, "Macho yangu yamekwisha, mwanangu. Siuelewi tena huo mshale." Ukakifungia kabatini, na hukuongoza wageni tena mpaka umauti ulipokufika. Hilo liliniuma kuliko... Basi. Liliniuma.

Siku ya mazishi, mtani wetu Mzee Kondo, yule Mzaramo fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, alisimama ukingoni mwa kaburi akazuia makoleo. "Ngojeni! Mpeni na kidude chake, asije akapotea njia ya mbinguni akatokea tena kwenye tumbaku za watu!" Watu walicheka machozi yakiwatoka, hata Mama. Kisha akanigeukia mimi. "Babu zenu walibeba meno ya ndovu mpaka pwani kwetu bila mashine. Nyinyi mna mashine na hata kwenu hamfiki! Siku mtakayofika, mimi Mzaramo nitabeba mizigo yenu kichwani, Ng'ambo nzima ikitazama."

Nikamjibu, "Anza kushona ngata yako, Mzee."

Nilijibu kwa ulimi tu. Moyoni sikuwa na uhakika.

Baada ya arobaini nilikitoa kidude kabatini. Nikatia betri mpya, nikazunguka nacho uwanja wa mpira, kisha nikaingia nacho porini. Chini ya miti mizito kilisitasita, alama ya mahali nilipo ikarukaruka kidogo. Nikisogea kwenye uwazi na kutulia, kilirudi sawa. Kila siku kilinirudisha mlangoni. Sikuelewa kwa nini siku ile kilitupoteza.

Halafu jioni moja nilikukumbuka sana. Nikataka kukiona kama kilivyokuwa kiunoni mwako siku ile, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli mgongoni mwa redio yako ndogo, ili usikie mpira huku unaangalia njia. Nikavifunga pamoja kama ulivyovifunga wewe. Nikageukia kaskazini, nikageukia kusini. Mshale haukujali. Uling'ang'ania upande wa spika.

Ni sumaku, Baba! Sumaku ya spika ya redio ilikuwa inaivuta dira iliyo ndani ya kidude. Ramani ilijua tulipo muda wote. Ni mshale tu uliodanganywa, nasi kila njia panda tulisimama na kuufuata. Nilicheka peke yangu pale uani mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikalia. Macho yako yalikuwa mazima. Uliusoma mshale vizuri kabisa, wala si uzee.

Niliwaeleza wanakikundi. Wengine wakaguna. Wakasema watanipa safari moja. Tukipotea tena, njia ya Goweko ifungwe na wageni waishie kuona tembe, ile nyumba ya kale ya hapa Kwihara, tu. Nikakubali.

Redio nikamwachia Mama. Betri za akiba nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, tukaondoka Goweko na wageni wapya pamoja na wanakikundi. Mbele ya ile mbuga kubwa inayotuama maji mshale ulituelekeza katikati ya tope, maana wenyewe hunyoosha tu, haujui maji. Tukauliza wachungaji, tukazunguka kwa juu, na upande wa pili kidude kikatupokea kama vile hatukukiacha. Kwenye njia panda ile iliyotupeleka kwenye tumbaku, wote waliniangalia. Mshale ulielekea kulia. Siku ile tulikwenda kushoto. Nikakata kulia.

Tulipoona mapaa ya Kwihara, wageni walipiga vigelegele. Mwenyekiti wa kikundi alinishika mkono akasema, "Njia ni yako." Leo baada ya ibada tumekwenda Ng'ambo, na Mzee Kondo akatoka dukani na ngata kweli, ameishona kwa kitambaa chekundu! Akabeba begi langu mtaa mzima akipiga kelele, "Tazameni, Mnyamwezi amepata mpagazi!" Alipolitua akanong'ona, "Baba yako alikuwa mtu." Akageuka haraka, akajidai anatafuta miwani.

Kiangazi kijacho kuna kundi lingine, na wanataka niwaongoze. Nitawaongoza. Kila atakayepita nami ataambiwa ni nani aliyeifungua njia hii, na kwamba aliiona vizuri mpaka mwisho.

Pumzika sasa, Baba. Mama anaita, ugali unapoa. Huko uliko, ukiwataja watu wako mbele za Mungu, nitaje na mimi.

Mwanao,
Nyamizi