Bamba la Chini ya Gari na Macho ya Mama

Lushoto, Jumapili jioni. Baridi ya mwezi wa saba.

Ukungu umeshuka tangu mchana na hauna dalili ya kuondoka. Nimevaa soksi mbili mbili na sweta la marehemu baba. Mikono inanuka grisi, na sebuleni kabichi zimepangwa ukutani hadi usawa wa dirisha. Bafuni kuna jogoo. Nitaeleza.

Mama yuko chumbani kwangu, amelala.

Hilo ndilo kubwa la leo, maana wiki nzima sikujua kama litatokea.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mama yangu anaishi juu ya Gare, mwisho kabisa wa barabara, pale ambapo barabara yenyewe haina uhakika kama ni barabara au mfereji. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, basi. Madaktari wa macho huja hapa mara chache, wanapasua watu siku kadhaa, wanaondoka. Walipokuja mara ya mwisho mama alikuwa na nafasi yake. Nikapanda kumchukua kwa gari langu, lile fo-wili ninalobebea plamsi na peasi za biashara, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Karibu na kwa mama kuna jiwe katikati ya njia. Watu wa kule wanaliita Jino. Vijana walishajaribu kuling'oa, sururu zikapinda, wakaja kugundua kwamba si jiwe, ni mlima wenyewe umechungulia. Siku ile Jino liligusa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, likatoboa kimya kimya. Hatukusikia kitu. Tuliendelea kupiga soga huku oili inachuruzika nyuma yetu, mpaka injini ikakohoa na kuzima kwenye mteremko.

Mama alishuka, akashikwa mkono na jirani yake Mama Paskali, wakaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Kabla ya kuondoka aligeukia upande alikodhani gari lipo, kumbe lipo upande mwingine, akaliambia, "Wewe sikupandi tena."

Mama akisema amesema. Pikipiki hapandi, anasema yeye si gunia. Teksi za mjini zinaishia kanisani, na kutoka kanisani hadi kwake ni magoti ambayo hana. Ukimtajia dereva habari za Jino, ghafla anakumbuka ana msiba Korogwe. Kwa hiyo ni gari langu au hakuna. Na madaktari wamerudi, zamu ya mama ni kesho asubuhi. Akikosa na safari hii, sijui lini tena.

Ndiyo maana Alhamisi, badala ya kukaa gulioni nikauza peasi zangu kama mtu mwenye akili timamu, nilikwenda gereji kwa Fundi Mbelwa, yule aliyeiziba ile sampo, kutafuta bamba la kukinga tumbo la gari.

Fundi Mbelwa ni mtu mzuri, ila ukimuuliza saa atakueleza kwanza historia ya saa. Aliegemeza mabamba matatu ukutani akaanza kuhutubia. La kwanza lilikuwa la bati la pipa, alilikunja mwenyewe. La pili la alumini, limetoka kwenye gari la watu wenye uwezo, linang'aa, lina matundu ya hewa yamepangika vizuri. La tatu lilikatwa kwenye bodi la tipa lililokufa, chuma kinene, kizito, cheusi, hakina urembo wowote.

Mbelwa alinishauri nichukue la alumini. "Jepesi hili, dada. Gari litabaki juu."

Mimi sikumsikiliza. Nilifanya kile nilichofundishwa na mama tangu nikiwa msichana wa kwenda naye gulioni kuchagua sufuria: nilikunja kidole nikagonga. Bati la pipa likalia ti-ti-ti, kama kopo. Hilo hapana. La alumini likalia ting, sauti nzuri, lakini ndiyo ile sauti ya sufuria ambayo ukipikia makande yanaungua chini kabla hayajaiva juu. Nikagonga chuma cha tipa. Kikajibu mmmm, sauti nzito, ya mtu mzima.

"Hili," nikasema.

Mbelwa akaniuliza kama naenda vitani. Nikamwambia naenda kwa mama.

Kulifunga sasa. Jamani. Nilidhani ni kazi ya boliti nne na soda moja. Gari likainuliwa kwa jeki na magogo, tukatandika magunia, tukalala chini wote wawili, maana peke yake hakuweza kulinyanyua lile dude. Yeye anashika mbele, mimi nasukuma nyuma kwa bega, kanga nimejifunga kichwani, na udongo mwekundu wa milima yote niliyowahi kupita unanidondokea mdomoni. Mashimo ya chesesi na mashimo ya bamba yakakataa kuonana. Tukashusha. Akatoboa mengine. Tukapandisha. Boliti zikakaa, tukakaza, tukajifuta jasho, tukapongezana kama watu waliomaliza kujenga kanisa.

Ndipo Mbelwa akaniuliza, "Dada, hivi siku ya kubadilisha oili utamwagia wapi?"

Nikamwambia maswali kama hayo ndiyo yaliyonileta kwake, ayajibu yeye. Tukashusha tena. Akakata tundu chini ya nati ya oili, na mengine ya kupitisha hewa ili injini isichemke. Tulipopandisha mara ya tatu bega langu lilishaacha kuwa langu.

Mwisho akapima nafasi iliyobaki chini. Akasimamisha kiganja ardhini, akakipitisha chini ya bamba bila kugusa. "Jino halifiki hapa," akasema. Nami nikaamini. Nikazunguka mji mzima, nikapita kwenye matuta ya barabarani nikiwa nimenyoosha shingo, nikijisikia dereva wa mashindano.

Leo baada ya misa nikapanda. Gari tupu, bamba linang'ang'ania chini, manyunyu, utelezi. Nilipofika kwenye Jino nilishika usukani hadi vidole vikafa ganzi. Nikapita. Halikugusa hata kidogo! Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari, mwanamke mzima mwenye mvi.

Mama alikuwa amekaa barazani na rozari yake. Nikamwamkia. "Marahaba," akajibu, kisha, "Umekuja na lile lile?"

Nikamweleza habari za bamba. Akanyoosha mkono nimshike, tukaenda mpaka kwenye gari, akainama taratibu, akapitisha fimbo yake chini ya bampa, akagonga.

Mmmm.

Akagonga tena, akisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, vile vile anavyofanya mbele ya wauza sufuria.

"Nene hili," akasema. "Ulichagua wewe?"

"Mimi, mama."

"Haya. Leta mfuko wangu."

Ningeondoka dakika ile ile. Lakini kule kwetu mgonjwa haendi hospitali mikono mitupu, maana huko anakokwenda atakula nini, na waliompokea watasema kijiji chake hakina watu? Majirani walishasikia gari. Mama Paskali akafika na kabichi. Wa nyumba ya chini akaja na viazi, gunia limeshonwa kabisa, kwa hiyo huwezi kusema nipunguzie. Mikungu ya ndizi. Maharage. Karoti zenye udongo wake. Mzee mmoja akaleta jogoo amefungwa miguu, akampa mama pole, akamweka jogoo kiti cha mbele. Kila mmoja nilimwambia "hongea", asante ya kwetu, huku natazama springi za gari zinavyoinama. Kukataa hakuna. Ukikataa kabichi ya mtu umemkataa yeye na shamba lake na baba yake aliyelilima. Halafu Mama Paskali akapanda na yeye, kumsindikiza mgonjwa, na Mama Paskali si mtu mdogo.

Hapo ndipo ulipobainika upumbavu wangu wote. Nimezaliwa milima hii. Tangu nimepata akili sijawahi kuona gari likishuka kutoka kule likiwa tupu. Lakini mimi, mtoto wa Gare, nilichagua chuma kizito kuliko vyote, nikalipima gari likiwa halina hata karoti moja.

Nilijaribu kuweka kiganja chini ya bamba kabla ya kuondoka. Hakikuingia kikiwa kimesimama. Kililala.

Sikumwambia mama. Ningemwambia nini? Angeshuka, na kesho ingepita bila yeye. Niliwasha gari, nikajifanya natazama njia, kumbe naomba.

Jino.

NGWAAAAAAA!

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Mbwa walibweka hadi ng'ambo ya bonde. Watu walisimama mashambani na majembe yao. Jogoo akapiga mbawa usoni kwangu. Mama Paskali akawaita Yesu, Maria na Yosefu kwa pamoja. Mama alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na rozari ikaanguka.

Nilisimamisha gari, nikashuka, nikalala matopeni na tochi ya simu. Bamba lilikuwa na mchubuko mrefu mweupe, kutoka mbele hadi nyuma. Hakuna tone la oili. Nikapapasa kwa mkono, nikanusa vidole. Udongo tu.

Nilipoinuka mama alikuwa ameshusha kioo. "Kilicholia ni nini?"

"Ni bamba, mama. Limegonga Jino."

"Limevuja?"

"Halijavuja."

Nilijua anatafuta mlango, na nilishaanza kutafuta maneno ya kumbembeleza.

"Siku ile halikulia," akasema.

"Siku ile hakukuwa na cha kulia, mama. Jino lilitoboa tu."

"Ndiyo nilichokichukia." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nyie mnaona, mnajua pa kuogopa. Mimi nakaa humu gizani, tunacheka, kumbe tumeshaharibikiwa na hakuna aliyeniambia. Hili linaniambia. Likinyamaza najua pazuri, likilia najua limekinga. Niokotee rozari, twende."

Nililia. Naandika hivyo hivyo, sioni haya. Nililia na tope usoni huku Mama Paskali ananipangusa kwa jani la kabichi.

Basi tukashuka. Kila jiwe likapiga kelele, na kila kelele mama akaitikia, "Haya!" kama mtu anayeitikia hodi. Ngwaa, haya. Ngwaa, haya. Kufika kanisani alikuwa amechangamka kuliko sisi wote, anamweleza Mama Paskali tofauti ya chuma na alumini. Tulipoingia lami gari likawa kimya, akashtuka. "Mbona limenyamaza? Limekufa?" Nikamwambia ni lami, mama. Akasema lami haina habari.

Nilipomsimulia Mbelwa kwa simu alicheka hadi akakohoa. Akasema nilirudishe kesho kutwa anifungie la alumini, na mipira katikati ili lisipige kelele. Nikamwambia nitapandisha springi, ila bamba asiliguse. Na mipira abaki nayo.

Sasa nimekaa hapa na uji wa tangawizi, nasikia mama anavyokoroma nyuma ya ukuta. Kesho wanaanza na jicho la kulia. Naogopa, bila shaka. Lakini nina hofu nyingine ndogo ambayo siwezi kumwambia mtu, kwa hiyo naiandika hapa.

Siku niliponunua gari mama alikuwa tayari haoni vizuri, akaniuliza lina rangi gani. Nikamwambia ni jeupe, safi, linang'aa. Siku ile lilikuwa jeupe kiasi. Tangu hapo limepata mlango wa bluu kutoka gari jingine, kioo cha pembeni cha pikipiki, bampa iliyofungwa kwa waya wa seng'enge, na ubavu mmoja ulioingia ndani baada ya kutofautiana na ng'ombe. Mama huwasimulia watu wa kanisani kwake kuhusu gari jeupe la binti yake. Leo nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia Mama Paskali, na Mama Paskali, Mungu ambariki, akaitikia, "Jeupe kweli."

Eh Mungu, kesho mpe mama jicho lake. Halafu siku ya kumrudisha nyumbani, tupe ukungu.