Neno la Pili

Gabes, Tunisia
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwa dada yangu mpenzi Mabruka,

Asalaam aleykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba mama ameacha ubishi wake wa kukataa dawa za presha. Mwambie nimesema daktari yule hakusoma miaka yote ile kwa ajili ya kumkera yeye. Mimi sijambo kiasi. Vidole vya mkono wa kulia vimepasuliwa tena na bado vimefungwa, kwa hiyo naandika kwa kushoto, na ukiona mwandiko umelewa usicheke sana. Huku Gabes wananitunza vizuri. Chai yao ni maji ya kunawia, na bazin, ule ugali wetu wa shayiri, hawaijui kabisa, lakini sina la kulalamika.

Umenipigia simu mara nyingi nami nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzima, dada. Kuna mambo ya pale kituoni ambayo siwezi kuyasema huku nakusikia unapumua, nikaona afadhali niyaandike. Keti kwanza, uisome mpaka mwisho, ndipo umwite mtu ukitaka.

Unajua kwamba Buajila na watu wake walikiteka kituo chetu cha maji kwa sababu kaka yake alifungwa jela Tripoli. Alitaka kuukatia mji maji mpaka kaka yake atolewe. Unajua pia kwamba Faraj alikuwa nao, ingawa wewe alikuaga kwamba anakwenda kulinda malori ya mafuta. Nilipomwona mumeo akiingia mlangoni na bunduki, nilidhani amekuja kunitoa. Alitazama chini, akapita.

Waliingia wakifyatua risasi. Walivipiga vioo vyote vya kuongozea mitambo, kama vile vimewatukania mama zao, halafu Buajila akamwamuru mhandisi Tahir, mkubwa wangu, afunge lango la tatu la bomba la Tripoli. Tahir unamjua kwa ule mdomo wake. Alimjibu kwamba vitufe vya kufungia ndivyo hivyo alivyovipiga risasi sasa hivi, labda ajaribu kuviomba radhi. Alipigwa makofi mpaka meno yake ya bandia yakaruka, na Buajila akayakanyaga. Kilichobaki kizima ni kompyuta moja ya mkononi, na lile dirisha lake jeusi ambalo hakuna picha ndani yake wala vitufe, unaandika amri kwa maneno tu.

Buajila hakutaka kututegemea. Alitaka nimtungie amri fupi ambayo mtu wake ataiandika mwenyewe. Mimi na Tahir tulitazamana, tukaelewana bila kusema: siku watakapojua kuiandika, sisi hatuna kazi tena hapa duniani. Mtu aliyechaguliwa kujifunza ni Faraj, kwa kuwa alimaliza sekondari. Basi nikamfundisha shemeji yangu huku mtutu uko shingoni. Na wewe lazima nikufundishe, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata.

Amri yenyewe niliiita funga. Ukiandika funga, halafu tatu, halafu thelathini, mashine inalichukua neno la kwanza baada ya jina la amri na kuliweka mahali panapoitwa dola-moja, yaani ile alama ya pesa ikifuatwa na moja. La pili linakwenda dola-mbili. Haijui unawaza nini, inatazama zamu tu, kama wageni wanavyoketishwa kwenye sinia: aliyetangulia hapa, anayemfuata pale. Kwangu mimi neno la kwanza lilikuwa namba ya lango, na la pili dakika za kulifunga. Kuna alama nyingine, dola na reli, ile ya mistari minne iliyokatana, inayokuambia umeleta maneno mangapi. Na kuna dola na alama ya kuuliza, inayokuambia amri iliyopita imefaulu au imekwama. Faraj alishika haraka. Alikuwa na akili, hilo sikuwahi kumnyima.

Zile dakika si mapambo. Maji yanayotoka jangwani ni mazito na yana kasi, na lango linatakiwa lishuke polepole mpaka yatulie. Ukiliangusha kwa mpigo mmoja, maji yaliyo njiani yanaligonga kwa uzito wao wote, na kishindo kinarudi nyuma na kupasua bomba. Tahir aliwaeleza hayo yote kwa fizi tupu, na wao wakawa wanamwigiza anavyosema. Mimi nikaweka ulinzi ndani ya amri: kama maneno si mawili, igome na iseme kilichokosekana.

Jaribio la kwanza aliandika Faraj. Lango likashuka kidogo kama tulivyolipangia. Buajila akauliza kama imekubali, Faraj akaiuliza mashine, mashine ikajibu sifuri. Buajila akanisogelea taratibu. Alisema sifuri anaijua vizuri, alikuwa akiileta nyumbani kila mwisho wa muhula na baba yake anamchapa kwa mnyororo wa baiskeli. Akaulaza mkono wangu mezani, akavishukia vidole kwa kitako cha bunduki, akarudia, akarudia tena. Nilipiga kelele kwamba kwa mashine sifuri ndiyo salama, kuanzia moja ndiyo matatizo. Faraj naye alimsihi, lazima niseme hilo. Walipokwenda kutazama lango wakakuta ni kweli. Buajila akasema basi siku nyingine niwahi kusema. Hiyo ndiyo ilikuwa pole yake.

Kesho yake akataka kuwaonyesha watu wake kwamba na yeye msomi. Akaketi, akaandika funga na tatu, akasahau dakika. Mashine ikagoma, ikamwandikia: Maneno hayatoshi, taja dakika. Mmoja wao akacheka. Buajila akauliza ni nani aliyeandika upuuzi huu. Sijafungua mdomo, Tahir akasema ni yeye. Hakuwa yeye, Mabruka. Nilikuwa mimi, na alijua, na aliona hali ya mkono wangu.

Buajila akaamuru ashikwe. Faraj alimshika mkono wa kushoto, mwingine wa kulia. Tahir hakulia wala hakuomba, alinitazama tu. Akapigwa risasi ya mdomoni, eti asije akamsahihisha mtu tena. Damu na vipande vya mfupa viliruka mpaka kwenye kompyuta, nikaambiwa niifute niendelee na kazi, nami nikaifuta kwa mkono wa shati. Faraj alikwenda kutapika nje. Buajila akaniamuru niliondoe lile swali la dakika. Alisema yeye akiamuru anataka kutiiwa, na mashine isimhoji kama mkewe.

Nikaliondoa.

Yaliyobaki umeyasikia. Mchana ule Buajila hakutaka tena kuamini majibu ya kwenye kioo. Alitaka kuliona lango likifunga kwa macho yake. Akateremka kwenye chumba cha lango, kule chini ya ardhi, pamoja na kompyuta na watu wake, na Faraj akiwa mmoja wao. Mimi niliachwa juu ya ngazi nimeshika waya wa kompyuta. Kulikuja mngurumo ambao niliusikia kwa meno kabla ya masikio, kisha bomba likapasuka. Maji yaliwapigiza ukutani. Mfuniko wa chuma ulinipita kichwani ukaenda kutua juu ya paa la stoo. Mtu mmoja alitupwa juu mpaka kwenye ngazi, na shingo yake ilikuwa imegeukia mgongoni. Nilishuka ndani ya maji, nikampata Faraj kwa fulana, nikamburuta kwa mkono mzima na meno. Alikuwa amekwisha kufa. Kisogo kilikuwa hakipo.

Wewe umeambiwa bomba lilikuwa chakavu, na kwamba ndugu yako alipigana na maji kumwokoa mumeo. Umenishukuru mbele ya watu, ukaniombea dua. Sikulala siku hiyo.

Bomba halikuwa chakavu. Liwe chakavu wapi, na Tahir alikuwa analitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe! Nilipoambiwa niondoe swali, ilikuwepo njia ya kuliondoa na kubakiza usalama. Unaiambia mashine kwamba dola-mbili ikija tupu, ichukue thelathini. Ni mstari mfupi, fundi yeyote angeuweka bila hata kufikiri. Mimi nilifikiri, na sikuuweka. Neno la pili likikosekana, lango linaanguka palepale.

Na kule chini Buajila aliandika funga na tatu, basi. Nilimwona kutoka kwenye ngazi. Faraj naye aliona, akamwambia, “Mkuu, bado dakika.” Buajila akampiga kofi la kinyumenyume, mdomo ukachanika. Kisha akainua uso, akaniuliza mimi kama hivyo inatosha.

Nikamwambia inatosha, bwana, bonyeza tu.

Faraj akanitazama. Alikuwa amejifunza vizuri, dada, alijua kuna kitu kinakosekana. Nilidhani atabisha. Akafuta damu kwa kiganja, akasema, “Shemeji akisema sawa, ni sawa.” Buajila akabonyeza.

Ningeweza kumwita. Ningesema, Faraj, njoo unishikie huu waya, mkono unaniuma. Hakuna ambaye angeshuku, mkono ulikuwa umevimba kama mkate. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni tayari. Niliyameza kwa sababu niliuona mkono wake, ule aliomshikia Tahir. Nilikuwa naogopa kufa, kweli, na niliwahurumia watu wa Tripoli na watoto wao, hilo pia ni kweli, na ndiyo niliyowaambia waandishi wa habari. Lakini wewe nakuambia lililokuwa juu ya yote: nilimchukia mumeo, na kwa pumzi ile moja nilitaka awe palepale alipokuwa. Kwa Buajila sijutii hata kidogo. Angefufuka kesho, ningemwambia tena abonyeze, kisha nikale chakula changu cha mchana. Kwa Faraj sijui niseme nini. Alikuwa mwoga na alikudanganya, alimshika mzee asiye na meno auawe. Na aliniamini.

Ujumbe wako umenifika, kwamba aliye tumboni akiwa wa kiume utampa jina langu. Usimpe. Kama umeshalitaja kwa watu, litangue, na ukihitaji sababu sema mimi nimekataa kwa kiburi, watakuamini.

Kaka zake Faraj wana haki ya kujua, lakini sitawaandikia mimi. Nimekuachia wewe. Ukiwaambia, waambie na hili: nakaa nyuma ya soko la hina, nyumba ya ghorofa moja yenye mlango wa kijani, na mchana huwa nipo peke yangu. Sitahama. Usipowaambia, usinifiche kwa huruma halafu ukashindwa kula, mimi sikukuomba hivyo.

Nisalimie mama, mbusu mikono yote miwili, na barua hii usimsomee. Wasalimie majirani walioniulizia. Mungu akufungue salama.

Wasalaam,
mdogo wako, ikiwa neno hilo bado linakaa mdomoni mwako,
Nuri